Maktaba ya Udongo Ulaya

Kabla ya uhuru, kwa Mtanganyika aliyeishi mbali na Dar es Salaam, maktaba ya umma haikuwa na mlango wala dirisha. Ilikuwa sanduku. Mwaka 1948 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilianzisha East African Literature Bureau, yenye makao makuu Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za hapa kwetu, na pia kuwatafutia wasomaji. Vitabu vilipangwa katika masanduku, vikapelekwa shuleni, kwenye vilabu na kwenye majumba ya maendeleo. Aliyekuwa mbali zaidi aliweza kuazima kwa posta. Akimaliza kusoma, alifunga bahasha na kurudisha.

Ninaanza na sanduku katika insha kuhusu usanifu wa majengo kwa sababu kila jengo hubeba dhana fulani kuhusu mtu atakayelitumia. Waliobuni sanduku walimjali msomaji kiasi cha kumfuata alipo. Lakini hawakuwa na picha yake akiwa ameketi. Asome wapi, kwa mwanga gani, juu ya meza ya nani, hayo yalikuwa shauri lake.

Nimekulia Iringa, na sasa ninafanya kazi Mbeya. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipita barabara ile ya Mafinga, Makambako na Igawa nikiwa na swali ambalo wenzangu kwenye basi wangeliona la mtu asiye na shughuli: kwa nini maktaba tunazozijua zinafanana hivi zinavyofanana? Kwa nini zege, kwa nini luva, kwa nini bati? Jibu nililolipata lina historia ndefu kidogo, na ndani yake mna ugomvi ambao bado haujaisha.

Masanduku yalipokuwa yakizunguka, walikuwapo waliojengewa viti. Nairobi, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na nguzo zake kubwa za mbele bado zinasimama katikati ya jiji. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Kwetu Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1950, ilijengwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu iliyoitwa St Michael's and St George's. Ilikuwa na majengo ya kisasa na viwanja vikubwa. Haikudumu muda mrefu katika kazi iliyokusudiwa, kwani uhuru ulikuwa umekaribia kuliko wajenzi walivyodhani. Ikawa shule ya sekondari ya Mkwawa, na tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Walimu wa Tanzania leo wanasomea mahali palipojengwa ili wazazi wao wasiingie. Kuta hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni orodha ya wanaoruhusiwa kupita getini.

Kulikuwa pia na njia ya tatu, nayo ndiyo inayonivutia zaidi. Mjini Moshi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilijenga jengo lake kwa fedha za kahawa. Msanifu alikuwa Ernst May, Mjerumani aliyekuwa amepata sifa kubwa Frankfurt katika miaka ya 1920 kwa nyumba za wafanyakazi, kisha akaishi Afrika Mashariki tangu mwaka 1934. Katika jengo hilo, pamoja na ofisi na vyumba vya wageni, maktaba nayo ilipewa nafasi. Wakulima hawakungoja serikali iwaletee sanduku.

Uhuru ulipokuja, sheria ya mwaka 1963 iliunda huduma ya maktaba ya Tanganyika. Ilikusudiwa iwe huduma moja ya nchi nzima, yenye maktaba kuu mji mkuu na matawi mikoani. Jengo lake kuu lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kuadhimisha miaka sita ya uhuru, miezi kumi tu baada ya Azimio la Arusha. Msanifu alikuwa Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye asili ya Goa, aliyesomea Bombay na kurudi nyumbani kufanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1940. Ndiye pia aliyesanifu kanisa la pamoja la Wakristo pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ukitaka kuelewa kwa nini jengo hilo lilikuwa jambo jipya, usianze na umbo lake. Anza na mlango. Lilikuwa jengo kubwa la serikali ambalo mwananchi aliweza kuingia bila kuitwa, bila kushtakiwa, bila kuomba kibali cha kitu chochote. Mtu wa kizazi cha babu yangu alizoea kuingia bomani kwa sababu mbili, kodi na kesi. Hapa palikuwa na jengo la dola lililomwambia: karibu, kaa, soma, ukichoka nenda. Vitabu vilikaa rafuni mwenyewe unavichagua kwa mkono wako. Leo hilo linaonekana dogo. Mwaka 1967, miaka sita baada ya gavana kuondoka, lilikuwa kubwa.

Namna ya kujenga nayo ilikuwa mpya. Tangu miaka ya 1950 wasanifu wa Uingereza kama Maxwell Fry na Jane Drew walikuwa wakiandika na kujenga kuhusu kile walichokiita usanifu wa nchi za joto. Maktaba yao ya Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, ilikuwa mfano uliotazamwa na wengi: jengo jembamba ili upepo uvuke upande hadi upande, kuta zenye matundu, vivuli vya zege vya kulizuia jua lisiguse kioo. Kanuni hizo zina mantiki nzuri. Kitabu na msomaji wana mahitaji yanayogombana. Msomaji anataka mwanga, lakini jua kali huikausha karatasi na kuifanya njano. Msomaji anataka upepo, lakini upepo wa pwani una unyevu, na unyevu huleta ukungu na wadudu. Msanifu wa maktaba ya pwani kazi yake ni kuwasuluhisha hawa wawili bila mashine ya kupooza hewa.

Tatizo ni kwamba suluhu ya Dar es Salaam iligeuka sura ya maktaba. Wengi wetu tukiambiwa tuchore maktaba tutachora jengo la ghorofa la zege lenye vivuli vya jua, hata kama tumezaliwa mahali ambapo jua ni rafiki.

Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Iringa haiko chini sana ya hapo. Asiyewahi kuamka Mbeya mwezi Julai hajui maana ya neno kivuli likitumiwa kama adhabu. Katika maktaba moja niliyozoea kusomea, niliwahi kuutazama mwendo ambao hakuna aliyeupanga. Saa mbili na nusu asubuhi viti vya dirisha la mashariki vilikuwa vimejaa, watu wamevaa makoti, mmoja ana shuka la Kimasai mabegani juu ya sare ya shule. Kufikia saa nne jua lilikuwa limepanda, na wasomaji walikuwa wamehama meza moja. Saa nane mchana walikuwa upande wa pili wa chumba. Hakuna aliyesema neno. Walikuwa wanalifuata jua kama mbuzi wanavyolifuata uani, na meza za katikati zilibaki tupu siku nzima.

Nilikuwa mmoja wao. Kitu kilichonishangaza nilipoanza kuhesabu ni kwamba wengi wetu hatukugusa rafu. Mwanafunzi wa kidato cha sita alikuja na daftari zake. Kijana aliyemaliza chuo alikuja na karatasi alizochapisha za kujiandaa na usaili. Mzee mmoja alikuja kwa ajili ya gazeti, na akishalimaliza alilikunja vizuri kuliko alivyolikuta. Walichokuja kuazima kilikuwa meza, kimya na balbu. Nyumbani chumba kimoja kina watu watano na redio. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sanduku la mwaka 1948 lilileta nusu ya maktaba tu. Nusu nyingine ni kiti.

Nchi yetu iliwahi kulijaribu sanduku tena, kwa nia tofauti. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka huohuo Ezekiel Kaungamno akawa mkurugenzi wa kwanza Mtanzania wa huduma ya maktaba. Watu wazima kwa mamilioni walifundishwa kusoma katika miaka iliyofuata, na ikaonekana wazi kwamba aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma atasahau. Ndipo zikaja maktaba za vijiji. Nyingi hazikuwa jengo. Zilikuwa kabati lenye kufuli katika chumba cha shule au cha ofisi ya kijiji, na mtu wa kujitolea mwenye ufunguo. Miaka ya 1980 ilipoleta uhaba wa kila kitu, kuanzia sabuni hadi karatasi, makabati mengi yalikauka. Kabati ni rahisi kuanzisha. Ni rahisi pia kuligeuza la kuwekea chaki.

Katikati ya miaka hiyo Nyerere alisema jambo linalowahusu wasanifu kuliko wanavyolikumbuka. Katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, aliwalaumu Watanzania kwa kuabudu saruji na bati. Alilalamika kwamba mtu yuko radhi kungoja miaka akilala katika nyumba mbovu kuliko kujenga ya matofali ya kuchoma na vigae, vitu vinavyotoka ardhini mwake, kwa sababu amejiaminisha kwamba nyumba bora ni ya saruji. Saruji ile wazee waliiita udongo Ulaya. Jina hilo lina ukweli wote ndani yake: udongo ni uleule, isipokuwa huu una pasipoti.

Lawama hiyo ilikuwa ya haki, lakini ilikuwa pia ya kujilaumu. Dola iliyojenga maktaba yake kuu kwa zege haikuwa na nguvu ya kumwambia mwanakijiji kwamba zege si alama ya maendeleo. Mwanakijiji aliangalia ofisi za serikali zimejengwa kwa nini, akahitimisha.

Nyanda za Juu Kusini ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu matofali ya kuchoma hapa si wazo la wataalamu. Tanuri zinafuka kandokando ya barabara kila kiangazi. Mwaka juzi nilikaa na fundi mmoja mzee pembezoni mwa mji wa Iringa, mtu aliyejenga kwa tofali la kuchoma maisha yake yote. Nilimwamkia, "Kamwene," akaitikia, kisha nikamuuliza kama anaweza kujenga maktaba.

"Mwanangu, nimejenga makanisa," alisema. "Maktaba ina nini?"

Nikamwuliza kwa nini basi kuta zake nyingi zimepigwa lipu, hata tofali halionekani.

"Mwenye nyumba anataka. Tofali la kuchoma likibaki wazi, jirani anadhani pesa iliisha."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko vitabu kadhaa nilivyosoma kuhusu usanifu. Tofali letu lipo, lina nguvu, linavumilia baridi, na tunalipa mfuko wa saruji ili tulifiche.

Mfano wa kutolificha upo jirani, Burundi. Mwaka 2012 mjini Muyinga ilikamilika maktaba ndogo, kando ya shule ya watoto viziwi, iliyosanifiwa na kundi la Wabelgiji liitwalo BC Architects. Muyinga ina mwinuko usiotofautiana sana na wa Mbeya. Kabla ya kuchora, wasanifu walizunguka wakijifunza namna watu wa pale wanavyojenga na vifaa vilivyopo. Kuta zao ni za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, bila kuchomwa. Nguzo zimekaribiana sana, kwa hiyo zinaushikilia ukuta mrefu usilale. Paa ni la vigae vya udongo vilivyochomwa palepale. Mbele kuna baraza ndefu, kama ile ya nyumba za huko, mahali ambapo mtu anaweza kusimama, kukutana na mwenzake, kuchungulia ndani na kuamua. Matundu kati ya matofali hupitisha hewa. Ndani, upande wa watoto, kumetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani, kama machela, na watoto hupanda juu yake wakasoma wakiwa wamelala.

Wavu ule wa katani unanipa hamu ya kucheka kila ninapouona pichani, kwa furaha. Mtu aliyeubuni alimwona msomaji. Alijua kwamba mtoto wa miaka saba hatakaa wima kwenye kiti kwa saa moja.

Haimaanishi tunakili Muyinga. Tukiikariri tutakuwa tumefanya kosa lilelile la kugeuza suluhu ya mahali pamoja kuwa sura ya kila mahali. Haimaanishi pia kwamba jengo kubwa ni baya. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, inaweza kuchukua watu 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Viti 2,100 ni viti 2,100, na nimewahi kukaa katika kimojawapo nikashukuru. Ila jengo la namna hiyo hujengwa mara moja katika kizazi, kwa fedha na mafundi kutoka mbali, na likiharibika kitasa unangoja. Wilaya ya Kilolo au ya Rungwe haiwezi kungoja zamu yake katika foleni hiyo.

Basi maktaba ya huku ingekuwaje? Jua la Juni na Julai, sisi tulio kusini mwa ikweta, hupita upande wa kaskazini. La Desemba hupita kusini kidogo. Maana yake ni kwamba baraza yenye vioo, ikielekea kaskazini, itapata jua la kuingia ndani wakati wa baridi na kivuli wakati wa joto, bila kulipia umeme. Ukuta mnene wa tofali hunyonya joto mchana na kulitoa polepole jioni, saa zile ambazo wanafunzi hufika. Vigae havipigi kelele kama bati, na aliyewahi kujaribu kusoma chini ya bati mwezi Februari Mbeya anajua kwamba mvua hufuta hata mawazo. Vigae ni vizito, vinahitaji kenchi imara, na mbao za Sao Hill zinapita barabarani kila siku kwenda kwingine. Tatizo la kweli ni kuni: tanuri la tofali hula miti. Ndiyo sababu tofali la kushindilia lisilochomwa, ambalo wataalamu wetu wa nyumba bora wamekuwa wakilihimiza kwa miaka mingi, linastahili kujaribiwa kwenye jengo la heshima na si kwenye nyumba ya maonyesho peke yake. Mwenye nyumba ataacha kupiga lipu siku atakapoona tofali wazi kwenye jengo analoliheshimu.

Rafiki yangu mmoja, aliyesoma uhandisi hapa Mbeya, ananipinga. Anasema vitabu vimo kwenye simu, na kwamba ninatetea jumba la karatasi. Ninamjibu kwamba simu ni sanduku la 1948 lililorudi. Ni zuri, linafika mbali, lina vitabu vingi kuliko masanduku yote ya Nairobi. Na kama lile la kwanza, halina kiti, halina balbu, na halimtulizi mdogo wako anayelia chumba hichohicho.

Iringa tumejifunza kuheshimu kuta za zamani. Boma la Wajerumani, lililojengwa karibu na mwaka 1900, tangu 2016 ni makumbusho, na ni vizuri. Wageni wanapiga picha, watoto wa shule wanasimuliwa habari za Mkwawa ndani ya ukuta wa waliomshinda. Lakini majengo ya miaka ya 1960 na 1970, yale tuliyoyajenga sisi tukiwa na haraka ya kusoma, hatuyaoni kama historia. Tunayaona kama majengo yaliyochakaa. Likivuja, tunasema libomolewe. Almeida alifariki mwaka 2019, na hapa kwetu hata wanaotumia maktaba kila siku ni wachache wanaolijua jina lake.

Kila mwaka halmashauri zetu hupanga bajeti, na mara mojamoja mchoro wa jengo jipya la umma hubandikwa ubaoni, una rangi nzuri na miti isiyoota huku. Wengi tunaosoma magazeti kama hili tumesoma vya kutosha kuuelewa mchoro. Tunaweza kuuliza jua litaingia wapi saa mbili asubuhi mwezi Julai. Tunaweza kuuliza ukuta ni wa udongo wa wapi, na fundi wa wapi ataweza kuuziba ukipasuka. Na kama maktaba imo kwenye mchoro, tuhesabu viti, kisha tuulize idadi ya wanafunzi wa kidato cha nne katika wilaya ile. Namba hizo mbili zikiwekwa pamoja kwenye mkutano wa hadhara, zitahitaji majibu.